Kwa nini adui ndiye anayepewa hoja? Siasa katika filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu

Mzee wa Uyole (mleta uzi)

Ndugu wanajamvi, salaam kutoka Mbeya.

Nimeleta uzi huu kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu huishia kwenye maswali mawili tu, nani ana nguvu kumzidi nani na sehemu inayofuata itatoka lini, na kila anayejaribu kugusa siasa iliyomo ndani huambiwa aache kuwaharibia watu starehe. Hoja yangu ni moja. Kwa miaka hii karibu ishirini, steringi wa filamu hizi amepewa kazi ya kuilinda dunia ibaki kama ilivyo, na adui ndiye aliyeachiwa dai la kuibadilisha. Kwa kuwa mwenye dai ndiye huyo huyo anayelipua miji na kuua wasio na hatia, mtazamaji hutoka akiwa ameliogopa dai pamoja na mdai.

Wapo watakaosema kwamba siasa imeingizwa humo juzi juzi. Hao wakumbuke kwamba jalada la toleo la kwanza la Captain America, lenye tarehe ya Machi 1941, lilimwonyesha akimtwanga Hitler ngumi ya taya, na wakati huo Marekani ilikuwa haijaingia vitani. Ilibaki miezi kadhaa kabla ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor. Waliomchora, Joe Simon na Jack Kirby, walikuwa Wayahudi waliojua vizuri kinachoendelea Ulaya, na walikuwa wanawaambia wenzao upande wa kusimama.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Superman. Alipotoka mwaka 1938, kazi ya vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, Marekani ilikuwa bado katika mdororo mkubwa wa uchumi na serikali ya Roosevelt ilikuwa inahangaika na ajira na makazi. Superman wa wakati ule hakuwa na habari na viumbe wa sayari nyingine. Katika toleo la kwanza alimwokoa mwanamke aliyekuwa karibu kuuawa kwa hukumu ya kosa asilolitenda, akamwadabisha mwanamume anayempiga mkewe, kisha akaenda kumshughulikia mtu aliyekuwa anamrubuni seneta. Katika toleo la pili alimbana mtengenezaji wa silaha aliyekuwa anachochea vita katika nchi ndogo ili apate kuuza mali yake, akamlazimisha ajiunge na jeshi aionje vita hiyo mwenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 1939 alibomoa mtaa mzima wa nyumba mbovu ili serikali ilazimike kuwajengea maskini nyumba bora. Leo mtu anayebomoa mtaa ili kuishinikiza serikali tungemkuta upande wa adui, tena angepewa kovu usoni na muziki wa kutisha.

Sasa mlinganisheni na Iron Man wa mwaka 2008. Mtengenezaji wa silaha, yule aliyekuwa adui mwaka 1938, sasa ndiye steringi. Tony Stark anatekwa Afghanistan na watu wanaotumia silaha za kampuni yake, anarudi kwao akiwa na majuto, anatangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba kampuni imeacha kutengeneza silaha, halafu anashuka chini ya nyumba yake na kutengeneza silaha kubwa kuliko zote, ambayo haimilikiwi na yeyote isipokuwa yeye. Katika sehemu ya pili, ya mwaka 2010, anaitwa mbele ya kamati ya Seneti, anakataa kuikabidhi, na anajisifu kwamba ameibinafsisha amani ya dunia, na watu ukumbini wanamshangilia. Sisi tulioyaona mashirika ya umma yakibinafsishwa miaka ya 1990 tungeweza kumuuliza amani hiyo imeuzwa kwa bei gani na nani alikaa katika kamati ya zabuni.

Haya hayatokei kwa bahati. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ina ofisi inayoshughulika na watengenezaji wa filamu, na anayetaka ndege, kambi na askari wa kweli hupeleka mswada wake usomwe kwanza. Asipokubaliana nao anakosa msaada. Iron Man ilipata msaada huo na baadhi ya picha zake zilipigwa katika kambi ya anga ya Edwards, California. Captain Marvel ya mwaka 2019 nayo ilisaidiwa na Jeshi la Anga. Kisa cha The Avengers ya mwaka 2012 kinachekesha, maana wizara ilijitoa kwa sababu haikuelewa lile shirika la kubuni la S.H.I.E.L.D. linawajibika kwa nani. Viumbe kumwagika kutoka angani juu ya New York halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mlolongo wa amri.

Nirudi kwa maadui. Katika Spider-Man: Homecoming ya mwaka 2017 yumo mtu anaitwa Adrian Toomes. Ni mkandarasi mdogo aliyepata kazi ya kuondoa vifusi baada ya vita vya New York. Amenunua magari, ameajiri watu, ameweka rehani alichonacho. Asubuhi moja wanakuja maofisa na kumwambia aondoke, kazi imechukuliwa na idara mpya iliyoundwa kwa ubia kati ya serikali na Tony Stark, yaani mmoja wa waliosababisha vifusi sasa analipwa kuviondoa. Hapa kwetu mtu wa namna hii hahitaji kuelezwa mara mbili. Malalamiko yake ni ya kweli, na ndani ya filamu nzima hakuna anayeyakanusha. Lakini kwa kuwa ameamua kuuza silaha, saa mbili zilizobaki zinatumika kumkamata, na akishafungwa hakuna anayerudi kuuliza habari za ule mkataba.

Halafu yupo Killmonger wa Black Panther ya mwaka 2018. Anauliza inakuwaje Wakanda, taifa la kubuni la watu weusi lenye utajiri na silaha kuliko mataifa yote lilijificha huku watu weusi wengine wakiuzwa, wakitawaliwa na kupigwa risasi mitaani. Swali hilo lina uzito kiasi kwamba mfalme T'Challa mwenyewe, akiwa mbele ya mababu zake, anawaambia kwamba walikosea. Hata hivyo mwandishi alihakikisha kwamba kabla Killmonger hajafika kwenye kiti cha enzi ameshamuua mpenzi wake, na akishakikalia anamkaba bibi mzee koo. Anashindwa, anafariki, na jibu la swali lake linakuwa kituo cha huduma za jamii huko Oakland. Nilitarajia zaidi ya hapo.

Karibuni tujadili. Naomba tusitukanane.

Kijana wa Rungwe

Ugonile, mzee wetu. Nimeusoma uzi wote na nimeufurahia, ila naona umeipa siasa kazi ambayo kwa kweli ni ya ufundi wa hadithi. Adui asiye na sababu anachosha. Mtu anayetaka kuiteketeza dunia kwa kuwa tu ana roho mbaya tulimchoka zamani, na waandishi wakaona ni afadhali wampe uchungu unaoeleweka ili mtazamaji asite kidogo kabla ya kumchukia. Wakishampa uchungu wanalazimika kumpa na dhambi kubwa, la sivyo steringi hana sababu ya kupigana naye. Sioni njama hapo, naona mtu anayetafuta namna ya kuimaliza filamu.

La pili, wengi wetu huku Tukuyu tumezitazama filamu hizi kwenye kibanda umiza au tumejaziwa kwenye flashi zikiwa zimetafsiriwa na dijei. Dijei hatafsiri neno kwa neno. Anaeleza, anatania, anawapa wahusika majina ya mtaani, na hotuba ndefu ikifika anaifupisha kwa sababu anajua watu wanasubiri mapigano. Sasa ujumbe unaousema unatufikiaje? Mimi nadhani kinachotufikia ni cha dijei, na dijei ana siasa zake.

Kalenga Juu

Kamwene. Mimi ni mwalimu, niko Iringa, na ningependa kukaa kidogo kwenye tukio moja la Black Panther ambalo mleta uzi amelipita, ingawa kwa mtu wa huku ndilo zito kuliko yote.

Ni lile la makumbusho ya London. Killmonger amesimama mbele ya kabati la kioo lenye vitu kutoka Afrika, anamuuliza mtaalamu wa makumbusho kila kimoja kimetoka wapi, kisha anamuuliza iwapo anadhani wazee wake walivinunua kwa bei halali au walivichukua kama walivyochukua kila kitu kingine. Watazamaji wengi niliowasikia wanalitaja tukio hili wanalisifu kwa ujasiri wa maneno. Mimi huwa ninawapeleka wanafunzi kwenye makumbusho ya Kalenga, mwendo mfupi tu kutoka mjini, ambako ndani ya kioo mna fuvu la Mtwa Mkwawa, na kila ninapolitazama tukio lile nawaza mambo mawili ambayo filamu haikuyagusa.

La kwanza ni jinsi fuvu lile lilivyorudi. Mkwawa aliwashinda Wajerumani pale Lugalo mwezi Agosti 1891, na kamanda wao Zelewski akafia pale pale. Aliendelea kuwasumbua hata baada ya ngome yake ya Kalenga kuanguka mwaka 1894, hadi mwaka 1898 alipojipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa kikakatwa, fuvu likapelekwa Ujerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule ule uliopanga upya mipaka ya Ulaya na kuitoza Ujerumani fidia, ulikuwa na kifungu cha 246 kilichoitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Miezi sita hiyo ikageuka miaka thelathini na zaidi. Fuvu lilirudi mwaka 1954, wakati wa Gavana Twining, likitokea makumbusho ya Bremen. Waingereza walioliweka dai hilo mezani hawakuwa na uchungu na Wahehe kuliko Wajerumani. Walikuwa na koloni jipya la kutuliza na adui wa kudhalilisha. Mali iliyoporwa na mkoloni mmoja ilidaiwa na mkoloni mwingine kwa faida yake. Siasa ya namna hiyo, iliyojaa maslahi na barua na ucheleweshaji, inatufundisha zaidi kuliko shoka lililotolewa kwenye kabati kwa nguvu.

La pili ni nani aliyepewa kinywa cha kuuliza. Katika filamu, anayedai mali ya Afrika irudishwe ni mwizi aliyekwisha kuitia sumu kahawa ya yule mama anayezungumza naye. Dakika moja baada ya swali, mama yuko chini, walinzi wameuawa, na mtazamaji ameshaanza kuhesabu maiti badala ya kufikiri jibu. Hapa ndipo ninapokubaliana na Mzee wa Uyole na kutokubaliana na ndugu wa Rungwe. Ufundi wa hadithi ungeweza kumpa swali lile mtu mwingine yeyote. Kule Songea ukoo wa Nkosi Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Maji Maji, umekuwa unadai kichwa cha mzee wao kwa mdomo na kwa maandishi, na tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akawaomba radhi na kuahidi kwamba watashirikiana kukitafuta. Watu wale hawakumtilia sumu mtu yeyote. Mdai wa aina hiyo, mwenye haki, mwenye subira na mwenye hasira kwa pamoja, hayumo katika Black Panther. Wamo mfalme aliyejificha na mpwa wa baba yake anayetaka kuchoma dunia, nasi tunaambiwa tuchague.

Mzee wa Uyole

Mwalimu, ahsante sana. Nilikuwa nimelipita tukio hilo kwa kuwa linatajwa mno, na sikulitazama kutokea Kalenga.

Ndugu wa Rungwe, ndaga kwa hoja. Nakubali kwamba adui mwenye sababu ni ufundi mzuri. Swali langu ni kwa nini sababu hizo zinaelekea upande mmoja. Mkandarasi aliyenyang'anywa kazi, mtu mweusi mwenye historia ya utumwa, wakimbizi waliofukuzwa walipokuwa wamehifadhiwa, kama wale wa The Falcon and the Winter Soldier ya mwaka 2021: wote wamewekwa upande wa kushindwa. Bilionea, mfalme, mwanajeshi na mtu aliyerithi kampuni wamewekwa upande wa kushinda. Ingekuwa ufundi peke yake, tungetegemea mara moja moja wabadilishane viti.

Kuhusu dijei umesema kweli tupu, na ningefurahi mtu mwenye muda akae alinganishe. Lakini angalia kwamba dijei anaweza kubadilisha maneno, hawezi kubadilisha nani anabaki amesimama mwishoni.

Mkulima wa Njombe

Ndugu zangu, mimi sina maneno mengi. Ninalima mahindi na viazi, na adui anayenikera ni Thanos wa Avengers: Infinity War ya mwaka 2018, kwa sababu vijana wangu nyumbani walitoka kwenye filamu ile wakisema kwamba alikuwa na hoja.

Hoja yake ni kwamba viumbe ni wengi, chakula ni kichache, kwa hiyo nusu wafe ili nusu waishi vizuri. Wazo hilo ni la Thomas Malthus, mchungaji wa Uingereza aliyeandika mwaka 1798 kwamba watu huongezeka haraka kuliko chakula. Katika vitabu vya katuni vya mwaka 1991 Thanos aliua nusu ya viumbe ili kumpendeza Mauti, ambaye kule ni mwanamke aliyempenda. Waliotengeneza filamu ndio waliomvua mapenzi wakamvika uchumi. Na baada ya kumvika, hawakumpa mtu wa kumjibu. Gamora, binti yake wa kulea, anamwambia tu kwamba hawezi kuwa na uhakika na hilo. Waliobaki wanamjibu kwa ngumi, shoka na radi. Saa mbili na nusu hakuna hata mmoja anayesimama na kumwambia kwamba hesabu yake ni mbovu.

Sisi tungemwambia. Huku Njombe, Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ndiko kunakotoka sehemu kubwa ya mahindi ya nchi hii, na kila mwenye umri wangu ameuona mwaka ambao mahindi yamelala ghalani hayana mnunuzi wakati mikoa mingine inasoma taarifa za upungufu wa chakula. Mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje, bei ilianguka hadi gunia likawa halirudishi gharama ya mbolea, na waliokuwa na njaa ng'ambo ya mpaka hawakupungua kwa sababu hiyo. Chakula kilikuwepo. Kilichokosekana ni barabara, soko, bei na uamuzi. Ukiua nusu ya watu wa Njombe unakuwa umeua nusu ya wakulima, na shamba halijilimi.

Naona hatari kubwa hapa kuliko ya Killmonger, kwa sababu kila hesabu ya Thanos inapofanywa duniani na watu wenye suti, wanaopunguzwa huwa ni wa huku kwetu.

Binti Songwe

Shikamooni wazee wangu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mbeya, nyumbani ni Mbozi, na ninaomba kupinga kidogo.

Nianze na la nyumbani. Vibraniamu, madini ya kubuni ya Wakanda, ilishuka na kimondo. Nasi Mbozi tuna kimondo cha chuma chenye nikeli ndani yake, kinachokadiriwa kuwa na tani zipatazo 16, kiko pale kilimani tangu zamani, na mgeni akilipa kiingilio anapiga picha na kuondoka. Hakijatupa vazi la kuzuia risasi. Kinachonivutia ni kwamba Wakanda ina madini yenye thamani kuliko yote duniani na haina mkataba hata mmoja wa uchimbaji. Hakuna mwekezaji, hakuna mrabaha, hakuna mchanga wa madini unaosafirishwa, hakuna mgogoro wa fidia ya mashamba. Sisi tulihitaji sheria za mwaka 2017 kuhusu umiliki wa maliasili, na bado tunasubiri chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma kule Ludewa vianze kuzaa matunda tuliyoahidiwa. Filamu iliyaruka yote hayo kwa kusema kwamba walijificha. Hiyo nayo ni siasa, na nadhani ndiyo iliyotufanya tuipende, kwa sababu inatuonyesha utajiri bila majadiliano. Tukaupenda kiasi cha kusahau kwamba nchi yenyewe inatawaliwa na anayeshinda ngumi kwenye maporomoko ya maji. Hakuna uchaguzi wala bunge, na rafiki yao mwema kutoka nje ni ofisa wa CIA. Katika bara ambalo Lumumba aliuawa, kumfanya ofisa wa CIA kuwa mchekeshaji mpole ni jambo la kushangaza.

Sasa pingamizi. Mzee anasema steringi hulinda dunia ibaki kama ilivyo. Captain America: The Winter Soldier ya mwaka 2014 tuiweke wapi? Serikali inatengeneza meli tatu za angani zitakazowaua watu kutokana na taarifa zao za benki, za simu na za shule, kabla hawajatenda kosa lolote. Steve Rogers, yaani Captain America, anakataa, anaziangusha zote tatu, na shirika zima la ujasusi linavunjwa na siri zake kumwagwa hadharani. Filamu ilitoka chini ya mwaka mmoja baada ya Edward Snowden kuonyesha jinsi Marekani inavyokusanya mawasiliano ya watu. Steringi hapo hakulinda kitu. Alibomoa.

Kijana wa Rungwe

Hapo umempata mzee. Nasubiri jibu.

Mzee wa Uyole

Marahaba, binti. Pingamizi lako ndilo bora kuliko yote yaliyoletwa humu, na ninalijibu kwa kuitazama filamu hiyo hiyo kwa karibu.

Steve anapoonyeshwa zile meli kwa mara ya kwanza, anayemwonyesha ni Nick Fury, mkuu wa shirika hilo, mtu mwema, na anamweleza kwamba ni kwa ajili ya usalama. Steve anamjibu kwamba hiyo ni hofu, wala haiwezi kuitwa uhuru. Pale filamu ilikuwa imeshika pembe za ng'ombe mwenyewe: serikali halali, maofisa waaminifu, na mpango mbaya. Laiti ingeendelea hivyo, ningefuta nusu ya uzi wangu. Lakini baadaye tunaambiwa kwamba shirika lilikuwa limeingiliwa na Hydra, mabaki ya Wanazi, tangu miaka ya baada ya vita. Kuanzia hapo mpango unakuwa mbaya kwa sababu uko mikononi mwa Wanazi, na Fury hahitaji tena kujibu kwa nini yeye, asiye Nazi, aliuafiki. Steve anabomoa, nakubali. Anabomoa nyumba iliyoingiliwa, na swali la nyumba kama ilivyochorwa linabaki bila kuulizwa.

Mwongozaji Christopher Nolan alifanya jambo linalofanana katika The Dark Knight ya mwaka 2008. Batman anageuza simu za wakazi wote wa Gotham kuwa vyombo vya kuwachunguza, msaidizi wake Lucius Fox anamwambia hakuna mtu anayestahili kuwa na uwezo huo, kisha unatumika kwa usiku mmoja na mtambo unaharibiwa. Mwaka ule Wamarekani walikuwa bado wanaishi chini ya sheria ya usalama ya mwaka 2001 iliyopanua mamlaka ya upelelezi, na mtambo wa serikali yao haukuwa na swichi ya kujizima baada ya adui kukamatwa. Filamu ilitambua tatizo vizuri, ikalitatua kwa kudhani kwamba mwenye uwezo atakuwa mwungwana. Nasi tuliokwenda kusajili laini za simu kwa alama za vidole tunajua kwamba dhana hiyo haitoshi kuwa sera.

Kuhusu Wakanda isiyo na mkataba wa uchimbaji, sina la kuongeza. Ni jambo ambalo sijawahi kuliona likiandikwa, na ningeomba ulifungulie uzi wake.

Niseme jingine ambalo halijatajwa, maana linahusu sisi kama watu wanaoonekana kwenye filamu hizi. Captain America: Civil War ya mwaka 2016 mapema inatuonyesha balaa la Lagos. Wanda, mmoja wa mashujaa, anajaribu kuuondoa mlipuko katikati ya watu, unapiga jengo, watu wanakufa, na miongoni mwao wamo Wawakanda waliokuwa huko kwa kazi za misaada. Kutokana na hilo, nchi 117 zinaandaa makubaliano ya kuwaweka mashujaa chini ya Umoja wa Mataifa. Filamu inahitaji sura moja ya mama mwenye uchungu ili Tony Stark aguswe, na inamleta: mama Mmarekani, mtumishi wa serikali, mwenye picha ya kijana wake aliyefia Sokovia, nchi ya kubuni, katika filamu iliyotangulia. Wawakanda wanasemewa na mfalme wao. Wanigeria waliokufa Lagos, mji wa kweli wenye mamilioni ya watu wa kweli, hawakupewa mama, wala mfalme, wala hata balozi wa kusimama dakika mbili. Mjadala wote wa nani awajibike kwa nani unaendeshwa na watu ambao hawakuwa na jengo Lagos.

Kalenga Juu

Mzee, kwenye hilo la Lagos ongeza Mali. Black Panther: Wakanda Forever ya mwaka 2022 mapema inaonyesha askari wa kukodiwa wenye asili ya Ufaransa wakivamia kituo cha Wakanda nchini Mali ili kuiba vibraniamu, na Malkia Ramonda anawaleta wakiwa wamefungwa mbele ya wajumbe wa Umoja wa Mataifa, Geneva. Wakati filamu inatoka, majeshi ya kweli ya Ufaransa yalikuwa yameondoka Mali mwezi Agosti wa mwaka ule ule. Mwezi Februari 2023 Waziri wa Majeshi wa Ufaransa, Sébastien Lecornu, alilalamika hadharani kuhusu jinsi wanajeshi wa nchi yake walivyoonyeshwa, akakumbusha juu ya askari wao waliofia kule.

Ndugu wa Rungwe alisema haya ni ufundi wa hadithi tu. Waziri wa nchi yenye silaha za nyuklia hakuona hivyo, na tukio lililomkera lilikuwa la dakika chache.

Kijana wa Rungwe

Nimesoma, mwalimu. Hata hivyo bado nasema adui wa Wakanda Forever, yule Namor anayeilinda nchi yake ya chini ya maji dhidi ya wachimbaji, hakufa wala hakufungwa. Alipatana na Shuri, dada wa T'Challa, akarudi kwao na kiti chake. Mzee wa Uyole aniambie huyo anaingia kwenye kanuni yake kwa mlango gani.

Mzee wa Uyole

Anaingia kwa mlango wa mfalme, kijana wangu. Namor ana taifa, jeshi na kiti, kwa hiyo filamu inajua namna ya kufanya naye mkataba. Toomes alikuwa na magari ya mkopo. Killmonger alikuwa na madai. Nitajie mmoja asiye na kiti ambaye steringi alikaa naye mezani, nami nitakupa hoja.